Kamera ya nyuma kwa trekta dogo: ya waya, isiyotumia waya, au ya simu?

Mkulima wa Masindi
Wakubwa, habari za kazi. Nina trekta la nguvu za farasi 35, halina kabini, na nyuma navuta planta (mashine ya kupandia) ya mistari miwili ya mahindi. Shingo inauma kwa kugeuka kila dakika, lakini kinachoniumiza zaidi ni mirija ya mbegu. Mabua ya msimu uliopita yakijikusanya kwenye vile visu vinavyofungua mfereji, mrija unaziba kimya kimya na mimi naendelea mbele. Mahindi yakishaota ndipo unaona mstari mzima mtupu, na mvua za Machi hazimsubiri mtu apande upya.
Nataka kufunga kamera. Nimeona za aina tatu: ya waya na skrini yake ya inchi 7, isiyotumia waya na skrini yake, na ile ya Wi-Fi inayoleta picha kwenye simu. Nani ametumia zipi shambani, si kwenye gari?

Fundi Kisekka
Chukua ya waya, ndugu. Hiyo "isiyotumia waya" hurusha picha tu hewani; umeme bado inautaka, kwa hiyo utavuta waya wa umeme hadi nyuma vilevile. Sasa kama waya unapita, kwa nini usilete na picha humo humo? Ya waya haikatikikatiki na picha haichelewi.
Chukua umeme kwenye swichi ya ufunguo, siyo moja kwa moja kwenye betri, na uweke fyuzi yake peke yake. Hakikisha kamera na skrini vinakubali volti 12.

Dereva wa Kiryandongo
Fundi, hapo unamzungumzia mwenye planta moja. Sisi wa kulimia watu asubuhi tuna plau, mchana haro, jioni trela ya magunia. Kamera ikifungwa kwenye planta kwa waya, siku moja utasahau kuchomoa plagi, ushushe planta, usogeze trekta, waya ukatike. Mimi natumia ya betri yenye sumaku. Naichaji usiku, asubuhi naibandika popote penye chuma. Ubaya wake ni kwamba shamba likiwa na mashimo mengi sumaku huteleza taratibu, na unajikuta unaangalia mbingu. Ifunge na kamba ya pili.

Mama Pamba, Kasese
Ya simu usiinunue, mwanangu. Kwenye trekta lisilo na kabini jua la saa saba linapiga kioo mpaka huoni kitu, simu inapata moto, inajipunguzia mwanga yenyewe. Mteja akipiga, picha inafunikwa. Tena simu hiyo hiyo ndiyo yenye pesa zako, imening'inia kwenye usukani unaotetemeka! Hata hiyo skrini ya inchi 7 itengenezee kofia ya bati juu yake. Wachomeleaji wa Katwe wanakukunjia upesi tu.
Na jambo lingine. Kamera isikufanye uache kugeuka kabla ya kurudi nyuma. Watoto hufuata trekta kuokota viazi na panya, na mtoto aliyesimama pembeni ya gurudumu hayumo kwenye picha. Mtu akiwa karibu na shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine ya nyuma kwa nguvu ya injini, izime kwanza.

Mkulima wa Masindi
Asante mama, ya simu nimeitoa. Niifunge wapi? Juu ya nguzo ya usalama, ile inayomkinga dereva trekta likipinduka, au kwenye planta yenyewe?

Fundi Kisekka
Kwenye nguzo, ikitazama chini. Hapo hata Dereva hana la kulalamika: ukibadilisha jembe, waya haujaguswa. Pia vumbi na matope ni machache kuliko huko chini karibu na diski.
Usikimbilie lenzi yenye upana wa kuona wa nyuzi 170. Inaonyesha eneo kubwa, lakini mrija unakuwa mdogo kama uzi. Ya nyuzi 90 hadi 120 inakufaa zaidi. Kuhusu maji, angalia alama ya IP, yaani kiwango cha kuzuia vumbi na maji: IP67 inavumilia kuzama kidogo. Ukiwa unaosha trekta kwa pampu ya presha, tafuta IP69K.
Angalia pia picha inavyogeuzwa. Upande wa kushoto wa planta uonekane kushoto mwa skrini, la sivyo utashuka kuzibua mrija ambao haujaziba. Na ile mistari ya kuegeshea gari inayochorwa juu ya picha iondoe, inafunika palepale unapotaka kuona.

Dereva wa Kiryandongo
Kwa nguzo nakubali. Ila kutoka juu utaona mabua yamejikusanya, mbegu zenyewe zikianguka huzioni. Ukifika mwisho wa mstari, shuka ufukue kidogo uone kama mbegu zimo.

Mkulima wa Masindi
Basi ni ya waya, kwenye nguzo, nyuzi 120. Kwenye matangi ya mbegu nitapaka rangi nyeupe kwa ndani, mbegu zikipungua nizione toka juu. Mama, hiyo kofia ya bati iwe na kina gani?

Mama Pamba, Kasese
Shibiri moja, na upande wa ndani upake rangi nyeusi isiyong'aa.