Mjomba anataka tuchanganye bunga (unga wa mahindi) iliyooza na nzuri. Nifanye nini?

KijanaWaDepo
Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi, komini ya Kenya (Kenya ya hapa kwetu, si ile ya Nairobi). Nina miaka 26 na nashika funguo za depo ya bunga ya mjomba wangu, kaka wa mama. Baba alipofariki, ni yeye aliyenilipia shule. Mwaka jana nilipooa, ni yeye aliyetoa garanti ya nyumba. Nayasema haya mapema ili msije mkamtukana.

Wiki 2 zilizopita mvua ilipiga usiku kucha, bati likavuja. Magunia 40 ya kilo 25 kutoka Kasumbalesa yakalowa. Mjomba alikuwa safarini, tukamngoja. Aliporudi tukafungua: mengine yameganda mabonge, mengine yana ukungu wa kijani na harufu ya kiatu kilicholala na maji. Akasema tuanike juani, tuchekeche, kisha ndoo 1 ya mbaya kwa ndoo 3 za nzuri, tutie kwenye magunia mapya na kushona. Eti mtu akisonga bukari (ugali), moto unaua kila kitu.

Siku ya kwanza nilidanganya kwamba nina malaria. Mwenzangu wa depo ameshaanza kazi hiyo. Mke wangu ana mimba ya miezi 7, na bunga ya nyumbani natoa humo humo. Juzi nilijikuta nanusa gunia moja baada ya jingine ili nipeleke lililo safi kwangu. Nikaona haya, peke yangu mle ndani. Ya kwangu nachagua, ya watu je?

Nikikataa, kazi imekwenda na mjomba amekwenda. Nishaurini.

Fimbo_ya_Mbali
Dogo, maadili hayajazi sufuria. Mwenye mali ni yeye, mwenye dhambi ni yeye. Wewe ni mkono tu. Hapa mjini nani asiyechanganya? Mafuta yanachanganywa, saruji inachanganywa.

Mama_wa_Katuba
Fimbo, wewe hujawahi kuuza kitu chochote. Mimi nina miaka 14 sokoni na bunga. Mwaka mmoja nilichukua magunia 5 kwa bei nzuri, sikufungua, nikapima tu. Mteja wangu mmoja, mama wa watoto 4, alirudi na bukari yenyewe kwenye sahani, akaniwekea mezani mbele ya watu. "Onja." Nikaonja. Chungu. Hakunipigia kelele hata kidogo, na ndiyo maana sijasahau. Yule aliyeniuzia hakuwepo pale kuona haya.

Na wewe kijana, usidanganywe kwamba utalisha kuku. Kuku nao wanakufa.

Daktari_wa_Mimea
Nimesomea kilimo, naomba niongeze kidogo. Kuna ukungu wa mahindi unaotoa sumu inayoitwa aflatoksini. Moto wa jikoni hauimalizi. Jua na chekecheo vinaondoa mabonge na harufu, yaani vinaondoa ile dalili ambayo ingemwonya mnunuzi, na sumu inabaki. Kwa macho huwezi kujua gunia lipi linayo na lipi halina, kwa hiyo lililoota ukungu haliliwi, basi.

Mwaka 2004 huko Kenya (ile ya Nairobi sasa), upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, wakafa 125. Ini ndilo lililoshindwa. Na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi inaleta saratani ya ini, ambapo hakuna atakayekumbuka depo yenu.

Kuhusu "wewe ni mkono tu": mkono ndio unaoshona gunia.

MtuWaVirunga
Niko Goma. Hapa kwetu alikuwepo Floribert Bwana Chui, alifanya kazi kwenye ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Waliletewa mchele mbovu, akapewa matabishi (rushwa) aupitishe, akakataa. Julai 2007 wakamteka na kumwua. Alikuwa na miaka 26, kama wewe. Juni 2025 Kanisa Katoliki limemtangaza mwenye heri, kule Roma. Chakula kibovu na kijana mwenye saini: kisa chako ni hicho hicho.

Fimbo_ya_Mbali
Ndiyo, na alikufa. Huyu ana mke mwenye mimba. Mnampa mtakatifu wakati yeye anauliza kodi ya nyumba.

MtuWaVirunga
Yule alipambana na watu wasiomjua. Huyu ana mjomba aliyempenda tangu utoto. Sidhani mjomba atamwua, ila atanuna. Kununa kunavumilika.

Muzee_Kamalondo
Fimbo kwa hili la kodi hajakosea, tusimcheke. Lakini kijana, umeuliza kana kwamba kuna milango 2 tu.

Usimkatalie mjomba ndani ya depo mbele ya wafanyakazi. Mtu mzima akiaibishwa mbele ya vijana wake, atatetea hata ukungu. Nenda kwa mama yako kwanza, yeye ni dada yake. Mwende naye nyumbani jioni, baada ya chakula. Anza na shukrani, na iwe ya kweli. Kisha mwambie ulivyonusa magunia ukimchagulia mke wako. Hilo tu. Hiyo sumu ya kitaalamu iache mfukoni mpaka akuulize.

Na usiende mikono mitupu. Hasara ya magunia 40 ni ya kweli, inaweza kumwangusha. Mwambie sehemu utaibeba wewe, ikatwe kwenye mshahara. Na bati mlizibe, maana mvua haijaisha.

KijanaWaDepo
Nimerudi baada ya siku 4. Tulienda na mama. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo umeniona mimi mwuaji?" Mama akamjibu, "Amekuona wewe mjomba wake, ndiyo maana amekuja." Alinyamaza muda mrefu. Asubuhi aliagiza magunia yachimbiwe shimo. Nakatwa nusu ya mshahara miezi 3. Funguo amempa mwenzangu, mimi sasa nabeba. Hanisemeshi.

Lakini tulizika magunia 37. Mengine 3 mwenzangu alishayachanganya, yakawa 12, na yametoka. Anasema waliyachukua bamama 2 wa soko la Katuba, majina hayajui. Hili mjomba sijamwambia.

Mama_wa_Katuba
Yameshonwa kwa uzi wa rangi gani?

KijanaWaDepo
Bluu. Ya kiwandani ni nyeupe.

Mama_wa_Katuba
Kesho saa 12 asubuhi, kabla hawajaanza kupima. Njoo na makuta (pesa) ya kuwarudishia, wasikuone unakuja na maneno tu. Nami nitapita kwenye meza zote leo jioni kuangalia uzi.

Fimbo_ya_Mbali
Magunia 12 atayalipa na nini, na mshahara umekatwa nusu? Nitumie namba yako faraghani, nina kidogo.