Vijana wangu wanafurahia msimbo unaoandikwa na mashine: niwaongoze vipi?

Msimamizi wa Ngara anauliza:

Hamjambo wenzangu. Ninaongoza waandishi sita wa programu katika ofisi ndogo hapa Ngara, na kazi yetu ya mwaka huu ni mfumo wa shule za kibinafsi wa kupokea karo kwa M-Pesa. Tangu vijana waanze kuiagiza akili unde iwaandikie msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, ofisi imejaa uchangamfu ambao sijauona kwa muda mrefu, na kazi niliyoitengea wiki mbili huletwa mezani kwangu baada ya siku tatu. Sitaki kuuzima uchangamfu huo, kwa sababu hata mimi umenigusa. Hata hivyo, Jumanne iliyopita nilimwomba mmoja wao anieleze kwa nini faili yenye mistari 340 inahesabu salio la mwanafunzi kwa namba za desimali, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa kukadiria, ilhali fedha huhesabiwa kwa senti nzima. Alinyamaza, kisha akaniambia kwa unyoofu kwamba hajui, kwa kuwa si yeye aliyeiandika.

Jibu hilo limeninyima usingizi. Mzazi akija na risiti yake na hesabu zikakosa kulingana, atajibiwa na nani? Naomba ushauri wa wale ambao wamekwisha kulipitia jambo hili.

Mstaafu wa mifumo ya benki, Lang'ata:

Ndugu msimamizi, swali lako ni zito, na umefanya vyema kuliuliza kabla mfumo haujaanza kutumika.

Kwanza niwatetee vijana. Hamu ya kuipa mashine kazi ya kuandika ina umri sawa na taaluma yetu yenyewe. Mwaka 1952 Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alitengeneza A-0, programu iliyokusanya vipande vya msimbo na kuviunganisha kwa niaba ya binadamu, na mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM likatoa FORTRAN, lugha ya programu ambayo kompyuta yenyewe huigeuza kuwa maagizo ya mashine. Siku hizo kazi kama hiyo iliitwa utungaji wa programu wa kujiendesha, na wengi walitilia shaka kama mashine ingeweza kutoa msimbo wenye kasi inayokaribia ule wa fundi hodari. Mashaka hayo yaliisha. Mimi mwenyewe nimetumia Yacc, zana iliyotoka katika maabara ya Bell Labs miaka ya 1970: unaandika kanuni za lugha ya kompyuta katika kurasa chache, nayo inakutolea maelfu ya mistari ambayo hakuna mtu mwenye haja ya kuisoma.

Hapo ndipo penye tofauti, na nawasihi vijana wako walitazame jambo hili kwa makini. Katika Yacc, nilichohifadhi na kukirekebisha ni zile kanuni zangu. Msimbo uliotolewa ungeweza kufutwa leo na kutolewa tena kesho ukiwa uleule, herufi kwa herufi. Kwa akili unde mambo yamegeuka: agizo unaloliandika kwa kawaida hutupwa, na ukilirudia unaweza kupata msimbo mwingine, kwa hiyo kinachobaki mikononi mwenu ni msimbo wenyewe. Huo ndio mtakaourekebisha miaka mitano ijayo, na kwa sababu hiyo lazima usomwe na kueleweka kana kwamba mliuandika kwa mkono.

Kuhusu desimali, mwambie kijana wako aitume kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 katika aina hiyo ya namba, kisha atazame kama atapata 0.3 kamili. Hatapata: itabaki tofauti ndogo sana, na katika fedha tofauti kama hizo hujikusanya.

Mwandishi wa programu, Roysambu:

Shikamoo mzee wangu wa Lang'ata. Mimi ni miongoni mwa hao wenye hamu, na siyaonei haya. Nilianza kutumia zana hizi mwaka 2022, GitHub Copilot, akili unde ya kuandika msimbo, ilipofunguliwa kwa umma, na zimeniondolea uchovu mwingi wa kuandika fomu na ripoti zilezile kila mwezi.

Lakini niseme yaliyonipata. Niliagiza msimbo wa kukagua nambari za simu za wateja wa Kenya, nikapewa mistari minne safi ya kupendeza, nikaipitisha bila kuuliza. Wiki iliyofuata mama mmoja alishindwa kujisajili, akapiga simu akiwa amekasirika, na alikuwa na haki. Nambari yake ilianza na 0110, ilhali msimbo wangu ulikubali zinazoanza na 07 pekee, ingawa nambari za 01 zimekuwa mikononi mwa watu tangu mwaka 2019. Mashine haikulijua hilo, au haikulikumbuka. Mimi nililijua, kwa sababu dada yangu anatumia nambari ya aina hiyo. Ningeusoma mstari ule kwa utulivu ningeliona kosa.

Tangu siku hiyo naandika majaribio mwenyewe, yaani programu fupi za kukagua kama msimbo unatoa majibu sahihi, kabla ya kuagiza chochote. Majaribio ndiyo yanayobeba ninachokijua kuhusu wateja wangu.

Mchangiaji wa South B:

Niongeze moja tu. Hakikisheni hakuna anayebandika orodha halisi ya wanafunzi katika zana hizo ili asaidiwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu taarifa za watoto pia.

Msimamizi wa Ngara:

Nawashukuru sana. Jana nilimkalisha kijana yule karibu nami, tukaisoma faili yote, mstari kwa mstari, kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana. Kisha nikamwomba aandike jaribio moja kwa mkono wake: taarifa ileile ya malipo ya shilingi 4,500 itumwe kwenye seva yetu mara mbili. Salio lilisoma 9,000, kwa sababu hakuna mahali ambapo msimbo uliuliza kama nambari hiyo ya muamala imekwisha kupokewa. Aliliona kabla yangu, akavuta kibodi upande wake, na leo asubuhi nimemkuta akiisoma faili ya pili bila kutumwa na mtu.