Njia ya meli ya kule kwenye barafu, Tanga inatuhusu?

Mtoto wa Makorora:
Wakuu habari zenu. Kuna jamaa hapa Ngamiani kakaza shingo kwamba barafu ya bahari ya Aktiki, juu huko Urusi, ikishayeyuka meli zote zitapita huko, mfereji wa Suez unakufa na sisi pwani ya huku tunasahaulika, eti hata hela ya kuongeza kina bandarini imekwenda na maji. Mi natoa mizigo pale so roho imeshtuka kidogo. Kuna ukweli au stori za kahawa?

Baharia Mstaafu:
Mwanangu huyo kachanganya. Meli ya magari kutoka Japani kuja kwetu haipiti Suez, inakata Bahari ya Hindi, sasa Aktiki inamnyang'anya nini? Ile ni ya anayetoka Yokohama, Japani kwenda Rotterdam, Uholanzi, hapo kweli ni kama kilomita 13,000 badala ya 20,000 na ushee. Lakini inapitika vizuri kiangazi mpaka kwenye Oktoba, mara nyingi unalipia meli ya Warusi ya nyuklia ikuvunjie barafu, bima iko juu, kuna milango ya bahari yenye kina kidogo majitu makubwa ya kontena hayapiti, na njiani hakuna bandari ya maana ya kushusha na kupakia. 2023 ilipita mizigo kama tani milioni 36, mingi gesi na mafuta ya Urusi wenyewe. Suez mwaka huohuo ni zaidi ya tani bilioni!

Bi Pangani:
Shikamoo baba. Na masizi je? Meli inachoma mafuta mazito, masizi yanatua kwenye barafu, inakuwa nyeusi inanyonya jua, inayeyuka zaidi. IMO, shirika la UN la mambo ya meli, wamepiga marufuku mafuta hayo huko tangu Julai 2024 ila misamaha ipo mpaka 2029, yani marufuku ya mdomoni. Afadhali makampuni makubwa ya meli, MSC, Hapag-Lloyd na CMA CGM, walisema wao hawapiti.

Mtoto wa Makorora:
Kwahiyo bahari inapanda huku kwetu?

Bi Pangani:
Barafu inayoelea haipandishi maji mdogo wangu, ishakaa majini tayari. Ya nchi kavu, Greenland, ndo ya kuogopa.

Mzee wa Mkonge:
Mkonge wetu wa Ulaya ndo unapita Suez. Wahouthi wa Yemen walivyoanza kupiga meli Bahari ya Shamu mwisho wa 2023 nyingi zikazungukia Cape kule Afrika Kusini, nauli juu. Hilo ndo lilituuma, sio barafu.

Chumbageni One:
Mbona 2025 Mchina kapeleka kontena kwa njia hiyo ya barafu toka Ningbo kwao mpaka Felixstowe, Uingereza siku 20 tu?

Baharia Mstaafu:
Meli moja, haifiki hata kontena 5,000. Suez zinapita za 20,000 na zaidi. Akipeleka Januari uniite.