Akiba ya familia ya miaka 10 na zaidi: uliweka wapi, ikawaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za leo. Mimi na mwenzangu tumeweka akiba miaka saba, yote imelala kwenye akaunti ya kawaida ya benki. Juzi nikachukua kalamu: kuna kanuni ya 72, ukigawanya 72 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka unapata takriban miaka ya bei kuwa mara mbili. Bei za vitu zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, 72 gawanya kwa 6 ni 12. Yaani baada ya miaka 12 hela hiyohiyo itanunua nusu tu ya vitu. Usingizi ukaruka. Mtoto wa kwanza anaingia chuo baada ya miaka tisa, sisi tunastaafu baada ya ishirini na ushee. Madalali nimeshawasikia, nataka kusikia waliopitia.

Mama Mapacha: Tulinunua hati fungani ya serikali ya miaka 20, yaani unaikopesha serikali, inakulipa riba, na muda ukiisha (ikiiva) inakurudishia hela yako. Riba inaingia kila miezi sita, raha mstarehe. Mwaka wa tatu mume akafanyiwa upasuaji, ikabidi niuze. Nilidhani nitapata nilichoweka. Kumbe hati mpya zilikuwa zinatoka na riba kubwa zaidi, sasa nani anunue yangu ya riba ndogo kwa bei ileile? Nikapata 88 kwa kila 100. Sikudhulumiwa, ningesubiri iive ningelipwa yote. Kosa langu ni kwamba sikuwa na hela ya dharura. Siku hizi ninayo ya miezi sita, iko pembeni, haiguswi.

Mstaafu Mtarajiwa: Ardhi. Tulichanga ndugu watatu tukanunua kiwanja, hati ikaandikwa jina la kaka mkubwa "ili kurahisisha mambo". Bei imepanda, siwezi kusema uongo. Ila kaka amefariki, na watoto wake hawayatambui makubaliano yetu. Ushahidi wangu ni karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari, saini tatu, shahidi hakuna. Mwaka wa nne huu tuko mahakamani. Halafu ada ya shule ikifika, huwezi kumega kona ya kiwanja ukaipeleka.

Niliuza Chini: Mimi mfuko wa hisa za Marekani, ule unaofuata S&P 500, yaani kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 hivi za huko. Kati ya Februari na Machi 2020 zilishuka kama theluthi nzima ndani ya wiki tano hivi. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kuchungulia simu. Machi hiyohiyo nikauza zote. Agosti zikawa zimeshavuka kilele cha Februari, mimi niko nje natazama. Mke wangu alikuwa na mfuko uleule, ila alisahau nywila. Yeye ndiye aliyepona.

Mama Mapacha: 😂😂 Leo naenda kusahau yangu.

Mpenda Hesabu: Ulizeni na makato. 100 ikikua kwa asilimia 8 kwa miaka 20 inafika 466. Meneja wa mfuko akichukua asilimia 2 kila mwaka, ikabaki 6, unapata 321. Mimi nililigundua hilo mwaka wa sita, ukurasa wa 11 wa masharti, maandishi ya kusoma kwa miwani.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Jana usiku tumegawa mafungu. Ya chuo inaenda kwenye hati fungani itakayoiva mwaka mmoja kabla mtoto hajaanza. Ya kustaafu, mfuko wa hisa wenye makato madogo. Ya dharura inabaki benki. Tumekwama sehemu moja: mwenzangu bado anataka kiwanja, hati iwe na majina yetu wote wawili. Aliyewahi kuuza au kurithi kwa hati ya namna hiyo, tafadhali apite hapa.