Kristali zangu za anthrasini hazisikii mwanga, nakosea wapi?

Kijana wa Tengeru: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri niko njia panda. Niko Arusha namalizia chuo, projekti yangu ni sensa ya mwanga ila sijataka silikoni, nimechagua semikondakta za oganiki (za kaboni), nikachukua anthrasini maana bei yake angalau inashikika. Nimeiyeyusha kwenye toluini nikaiacha ikauke taratibu siku nne, vimetoka vipande vyembamba kama magamba ya samaki, vizuri mno. Nimebana waya pande mbili, milimita tano kati yake, betri volti 9, nikamulika na tochi ya simu, malitimita (kipima umeme) inasoma sifuri. Nimerudia mara sita, sifuri. Msimamizi anasema nirudi silikoni na nimebakiza wiki tano. Niachane nayo kweli?

Fundi wa Moshi: Usiache dogo. Malitimita za kawaida mwisho wake maikroampea, hicho kipande kitakupa nanoampea, ndogo mara elfu, au chini ya hapo, ndo maana unaona sifuri. Funga opampu (chipu ya kukuza umeme mdogo), TL071 inatosha kuanzia, rizista ya megaohm 100 itoke kwenye tokeo lake irudi kwenye ingizo, nanoampea 1 inakuwa volti 0.1 hiyo unaisoma vizuri tu. Funika yote na kopo la bati uliloliunga na ethi, bila hivyo utapima umeme wa ukutani.

Mama Kemia: Fundi kasema kweli ila kosa kubwa ni tochi. Anthrasini haina rangi mdogo wangu, maana yake mwanga tunaouona unaipita tu, yenyewe inameza yuvii, mwanga usioonekana kwa macho, chini ya nanomita 400 hivi, na LED ya simu inaanzia kwenye bluu ya 450 huko. Tafuta taa ya kukagulia noti feki, ya nanomita 365. Gizani kikiwaka bluu ujue kimemeza, hapo ndo upime. Na sogeza waya karibu karibu, kwenye oganiki elektroni ikishanyanyuliwa na mwanga haiachani na tundu lake, yaani nafasi iliyoiacha, zinatembea zimeshikana, volti 9 kwa milimita tano ni ndogo sana. Ndo maana Ching Tang, mtafiti wa kampuni ya Kodak, mwaka 1986 kwenye sola yake ya oganiki aliweka tabaka mbili za kemikali tofauti ili elektroni na tundu ziachanishwe mpakani, akafika kama asilimia 1 tu ya mwanga wa jua kugeuka umeme. Kwa hiyo andika sensa, sola usiiahidi.

Kijana wa Tengeru: Mama Kemia nimeazima taa dukani kwa jirani, kimewaka bluu!!! Mikono inatetemeka. Opampu nafuata mjini kesho. Je nikitaka kisikie mwanga wa kawaida?

Mama Kemia: Rubrini, ile ya rangi ya chungwa. Ila ifiche gizani, mwanga na hewa vikiikuta pamoja inapauka.