Madalali wa GT-R hapa Mombasa: nguvu za farasi mnazitangaza, bili mnamwachia fundi

Jamani, leo sina salamu ndefu. Mimi ni fundi, gereji yangu iko hapa hapa kisiwani, na tangu juzi jina langu linazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba nimeua GT-R ya mtu, lile gari la kasi la Nissan. Sijaua kitu. Gari limeletwa kwangu likilia beringi pale nyuma ya injini shafti inapoanzia, matairi ya mbele na ya nyuma hayajuani, na ndani ya gia boksi imetiwa oili ya gari la kawaida. Nikaandika makadirio, nikampa mwenyewe. Akasoma, akanitazama kama mwizi, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi akaniambia dalali wake amesema: "Hiyo ni Nissan tu, yakhe. Spea zimejaa Mwembe Tayari."

Nissan tu! Haya, mpeleke Mwembe Tayari basi akuonyeshe rafu yenyewe.

Kabla hamjanirukia, sina chuki na gari hili. R35, yaani GT-R hii tunayoizungumzia, ilipotoka Japani mwisho wa 2007 iliuzwa kuanzia yen milioni 7.77, na kwa bei hiyo ilikuwa ikiwakimbiza watu waliolipa zaidi ya mara mbili. V6 ya lita 3.8, turbo mbili, farasi 480 mwanzoni na 570 kuanzia toleo la 2017. Uzito kilo 1,740 na ushei, lakini ukikanyaga unasahau uzito. Sifuri hadi mia, sekunde tatu na nusu kwa zile za mwanzo, na za baadaye ni chini ya hapo. Mwaka 2013 toleo la Nismo, lile kali zaidi, lilizunguka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 8. Injini inaungwa kwa mkono na fundi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho kule Yokohama. Mimi kama fundi nikifungua boneti ile navua kofia. Kazi ya watu, mashallah.

Sasa niambieni, hizo sekunde tatu mnazitumia wapi? Daraja la Nyali saa kumi na moja jioni? Kongowea, mikokoteni ya vitunguu imekuzunguka na tuktuk imekupandia ubavuni? Ndani ya mji sheria inakupa kilomita 50 kwa saa, barabara kuu haizidi 110, na gari linaweza kufika 315. Na matuta ya barabara ya Malindi nani hayajui? Gari liko karibu sentimita 11 tu kutoka chini. Kivuko cha Likoni nacho, maji yakiwa yamepwa, ile njia ya kupandia inakuwa mlima. Nimeona bampa ikiachwa pale, abiria wanapiga picha. Mwenye GT-R anayekwenda Diani apite Dongo Kundu, hana namna nyingine.

Na hili madalali hawalisemi kabisa: GT-R ya soko la Japani imefungwa isizidi kilomita 180 kwa saa. Kufuli hilo linafunguka gari likijua kwa GPS kwamba liko ndani ya viwanja vya mbio vya Japani, kama Fuji au Suzuka. Kwa hiyo wewe wa Bamburi unayejigamba 315, kama gari lako halijaguswa programu, utaishia 180. Kuna Subaru hapa mjini zitakupita ukiwa umekanyaga hadi sakafuni. Nilicheka siku ya kwanza mteja aliponiuliza kama "imeharibika".

Tuje kwenye pesa, maana ndipo ugomvi ulipo.

Matairi. Rimu ni inchi 20, mbele 255/40, nyuma 285/35, na kiwandani yametoka yakiwa ran-flati, yale yanayotembea hata yakipata pancha, yaliyojazwa naitrojeni. Tairi moja la kweli, ukijumlisha usafirishaji, halishuki chini ya nusu laki, na nimekuwa mpole. Mtu anaona hiyo ni dhuluma, anakwenda kununua mawili ya mtumba ya nyuma, ya mbele anaacha yale yale yaliyolika. Jamani, hili gari linavuta magurudumu yote manne! Kompyuta yake inapima mzunguko wa kila gurudumu ili ijue nguvu iende wapi. Kukiwa na tofauti ya kimo kati ya mbele na nyuma, mfumo unadhani unateleza muda wote, unahangaika, kluchi inayopeleka nguvu mbele inachemka. Mnaharibu kitu cha mamilioni kwa kuokoa elfu themanini.

Breki ni Brembo, kaliper za mbele, zile zinazobana diski, zina pistoni sita, diski za mbele milimita 380 na baadaye 390. Diski mbili za mbele peke yake zinameza laki na zaidi, na mwenye gari anakuuliza kama unaweza "kuzichonga kidogo". Mwenye Porsche 911 pale Nyali naye asicheke. Kama kaliper zako ni za manjano, zile diski za kauri, siku ya kuzibadilisha utauza kiwanja.

Gia boksi ndiyo yenyewe. Haikai mbele kama unavyodhani, iko nyuma kati ya magurudumu, na injini iko mbele. Shafti moja inapeleka nguvu nyuma, nyingine inazirudisha mbele. Ndani kuna kluchi mbili na vali za umeme zinazofanya kazi kwa shinikizo la oili, kwa hiyo oili ile ndiyo damu yake. Ina oili yake maalum, inaingia lita nyingi, na haina mbadala wa jerikeni. Marekani zile za mwanzo ziliwatia watu adabu: wenye magari walizima mfumo wa uthabiti, ule unaozuia gari kuteleza, wakaruka kwa ule mtindo wa kuondoka kwa kishindo, gia boksi zikapasuka, waranti ikakataliwa, na bei ya mpya ilikuwa karibu dola elfu 20. Kampuni ikabadilisha programu baadaye. Hiyo ni Marekani, wenye pesa zao. Halafu wewe unanishushia gari lenye oili ya rangi nisiyoijua na unataka nikuhakikishie "halitasumbua".

Kelele ya beringi niliyoitaja juu ni ugonjwa unaojulikana dunia nzima kwa zile za mwanzo. Si mimi niliyeuleta Mombasa.

Injini je? Hapa ndipo nataka vijana wa gereji mnisikie. Kwenye injini ya Corolla, silinda ikilika unaipeleka kwa wachonga vyuma, wanaikwangua, wanatia slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani ya silinda, pistoni za saizi kubwa, unarudi barabarani. VR38, injini ya GT-R, haina slivu. Bloku ni alumini, na ukuta wa silinda umepuliziwa chuma kwa plazma, tabaka la kama milimita 0.15. Ukiikwangua umeimaliza. Sijaona mashine ya kulirudisha tabaka hilo hapa Pwani. Kwa hiyo mwenye kuniambia "fanya ovahoo ya kawaida" ananiambia nimwibie.

Mafuta sitayazungumza sana. Tangi ni lita 74. Kwa bei ya 2025, petroli ikiwa imepita 180 kwa lita hapa Mombasa, kujaza ni zaidi ya elfu kumi na tatu. Kipimo cha Kijapani kinasema kilomita nane na kitu kwa lita. Kwenye foleni ya Makupa hiyo nane ni ndoto. Bima nayo: kampuni ikikutoza asilimia nne tu kwa gari la milioni nane, ni laki tatu na elfu ishirini kila mwaka, na wengi wakisikia jina la gari hiyo asilimia nne hawakupi.

Kuna anayesema, "Basi nitaagiza jipya jipya kutoka Japani nisipate matatizo ya mkono wa tatu." Karibu. Kwanza sheria yetu haikubali gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zile za bei nafuu za 2008 na 2009 mlango umeshafungwa siku nyingi. Zilizoko nchini ndizo hizo zinazozungushwa na madalali. Pili, toleo la mwisho huko kwao liliuzwa zaidi ya yen milioni 14, na Agosti 2025 kiwanda kimefunga hesabu baada ya magari kama 48,000, kwa hiyo usitegemee huruma ya bei. Tatu, KRA. Injini ya petroli iliyozidi cc 3,000 ina hesabu yake. Chukua thamani ya forodha ya milioni moja tu, kwa mfano. Ushuru wa forodha asilimia 35: laki tatu na nusu. Ushuru wa bidhaa asilimia 35 nyingine, lakini unapigwa juu ya jumla, si juu ya ile milioni: 472,500. VAT asilimia 16 juu ya vyote hivyo: 291,600. Umeshalipa milioni moja na laki moja na kumi na nne elfu, bado ada ya IDF, ile ya tamko la kuingiza mzigo, asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2. Yaani kila shilingi ya gari inazaa shilingi nyingine na ushei ya serikali. Zidisha mwenyewe kwa thamani halisi ya GT-R uone kama utalala.

Na chumvi! Hakuna dalali aliyewahi kutaja chumvi. Gari linalala Nyali mita chache kutoka baharini, kusi inavuma miezi, upepo unaingia mpaka kwenye soketi za nyaya. Nimefungua plagi za sensa nikakuta ukungu wa kijani. Boliti za chini zinakatika mkononi. Gari la Nairobi la umri huo huo ukiliweka kwenye lifti utadhani ni la mwaka jana. Anayetaka kununua hapa na alipandishe kwanza, alimulike tumbo lake lote, asiridhike na rangi inayong'aa.

Nasikia mnasema nawavunja watu moyo. Hapana bwana. Kuna mzee mmoja wa Kizingo ana ya kwake, namhudumia. Ana faili la risiti nene kuliko Kamusi. Alipoinunua alitenga kando pesa ya gia boksi kabla hata hajabadilisha jina kwenye logbuku, na hajawahi kuniomba nimpunguzie tairi. Jumapili alfajiri analitoa, anapiga kwenda Mariakani, anarudi, analifunika. Yule analimiliki gari. Wengi wenu gari linawamiliki nyinyi, halafu mnakuja kunitukana mimi.

Dalali anapata asilimia yake siku ya kuuza na anatokomea. "Kwa bei ya Prado unapata GT-R," anasema, na hapo kwenye bei ya kununua pengine hadanganyi. Lakini bei ya kununua ndiyo peke yake iliyoshuka. Diski, oili, tairi, beringi, vyote viko kwenye bei ya gari lililokuwa jipya, kwa dola, na shilingi yetu mnaijua. Mwulize swali moja tu dalali: oili ya gia boksi ilibadilishwa lini, kwa oili gani, risiti iko wapi? Akianza kukuonyesha video ya eksozi ikinguruma, ondoka.

NYONGEZA: Naona mnauliza mwenye gari ni nani. Simtaji, yumo humu na anasoma. Kaka, gari lako lipo salama, halijaguswa hata boliti moja tangu uondoke. Picha za matairi, za oili niliyoimwaga kwenye chupa mbele yako, na makadirio uliyoyatia sahihi, vyote ninavyo kwenye simu. Futa ile sauti uliyorusha kwenye grupu kabla ya Ijumaa. Usipoifuta, picha zinapanda humu, na dalali wako aje aeleze duka gani la Mwembe Tayari linauza beringi ile.