Oveni ya gesi huzimika nikiachia kitufe

Muulizaji, Mbarara: Ndugu zangu, oveni yangu huwaka vizuri nikibonyeza kitufe, lakini nikikiachia tu moto huzimika. Je, tatizo ni mtungi au regyuleta?

Jibu: Hapana, dada. Kando ya moto kuna kijiti cha chuma kiitwacho thamokapo, ambacho kikipata joto huzalisha umeme wa milivolti chache unaoshikilia vali ikae wazi. Kikifunikwa na masizi au kikisogea mbali na moto, vali hujifunga ili gesi isijae jikoni. Funga mtungi, oveni ipoe, kisha ukisugue polepole kwa msasa laini.

Jibu: Fundi akitaka kukiondoa kabisa kijiti hicho, mkatalie, kwa kuwa moto ukizimika gesi itaendelea kutoka, nayo gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni.

Muulizaji: Kweli, ncha imejaa masizi. Ahsanteni.